Nyumba za AC ya pamoja Shangani Mtwara: baridi ipo, shida ni bili

Watu wamekuwa wananiuliza sana kuhusu hizi nyumba za kupanga ninazokaa huku Shangani, zile ambazo nje huoni boksi la AC hata moja ukutani ila ukiingia ndani kuna baridi, wengine wanadhani ni AC za kisasa zimefichwa kwenye dari kumbe hapana, kuna mtambo mmoja tu nyuma kule karibu na ukuta wa uani, unapoza maji, alafu maji yanapita chini ya ardhi kwa bomba yanaingia kila nyumba. Nyumba zipo 14. Jina la mwenye nyumba silitaji maana bado nakaa kwake na haya ntakayosema mengine hayatamfurahisha. Nyota nampa 3 na nusu kati ya 5. Mtambo peke yake ningeupa 4 na nusu, hiyo nyingine kaipoteza mwenyewe kwa mtindo wake wa kukusanya hela.

Hizi nyumba zilijengwa enzi zile za gesi. Mnaoikumbuka Mtwara ya 2012, 2013 mnajua, kila mwenye kiwanja anapandisha jengo maana wageni wa makampuni wanakuja na kodi inatajwa kwa dola. Bomba la gesi la kwenda Dar likaisha 2015, wageni wakapungua, nyumba zikakaa tupu na wenye nazo wakaanza kutukumbuka sisi wa shilingi. Huyu wa kwetu alikuwa ameshaweka chila, ndio jina la huo mtambo wa kupoza maji, maana wale wageni walitaka kila kitu cha hali ya juu, sasa kuiendesha kwa umeme wa LUKU peke yake kwa wapangaji wa kawaida ilikuwa kujitafutia umaskini. Akaweka sola juu ya paa la sehemu ya kupaki magari, akajenga na tangi kubwa la lita 40,000 limefunikwa na sponji nene na bati juu yake. Hapo ndo akafungua milango.

Shemeji yangu ni fundi wa friji na AC, alivokuja kunitembelea mara ya kwanza hakukaa hata sebuleni, alienda moja kwa moja kwenye tangi. Akanieleza hivi: mchana jua likiwaka sola inaendesha chila, chila inashusha maji mpaka digrii 7 hivi, yanahifadhiwa kwenye tangi. Usiku jua hakuna lakini maji ya baridi yapo, kinachofanya kazi ni pampu tu ya kuyasukuma, na pampu inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kompresa, ile mashine ya kubana gesi ndani ya chila. Maji yakiingia kwako yanapita kwenye kile kiboksi cha feni juu ya mlango, feni inapuliza hewa ya chumbani ipite kwenye mirija yenye maji ya baridi, joto la chumba linabebwa na maji, yanarudi kwenye tangi yakiwa digrii 12 au 13, kesho yanapozwa tena. Basi. Ndani ya nyumba yako hamna gesi wala kompresa. Anasema kila lita 1,000 zikitofautiana digrii 6 zinabeba kama uniti 7 za baridi, kwa hiyo hilo tangi likijaa vizuri lina kama uniti 280, na kutengeneza hizo kwa chila ya aina ile unahitaji umeme kama theluthi yake. Mimi nikamuuliza kwani si angeweka tu betri, akacheka, akasema nenda kaulizie bei ya betri za kubeba umeme huo alafu uje uniambie, hili tangi ni maji na bati na halichakai kama betri.

Kitu kimoja alichokuwa muwazi nacho ni kwamba mtambo wenyewe sio muujiza. Spliti, yaani AC ya kawaida yenye boksi moja ndani na jingine nje, ikiwa nzuri ya inveta, zile zinazopunguza mwendo zenyewe chumba kikipoa, nayo inatoa uniti 3 za baridi au zaidi kwa uniti 1 ya umeme, kwa hiyo ukiangalia mashine kwa mashine huoni tofauti ya kutisha. Faida inatoka kwenye mambo mawili. Moja ni hiyo ya kupoza mchana na jua la bure na kutumia usiku. Ya pili ni kwamba nyumba 14 haziwashi zote kwa nguvu saa moja, mmoja yupo kazini, mwingine kasafiri Masasi, mwingine hapendi baridi kabisa, kwa hiyo mtambo unakuwa mdogo kuliko jumla ya spliti 28 ambazo zingefungwa kila chumba.

Na kwa hapa Shangani kuna la tatu ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulielewa, chumvi. Nyumba niliyokuwa nakaa kabla, mita chache tu kutoka baharini, spliti ya nje ilikuwa inaliwa ukiiona hivihivi, yale mapezi ya aluminiamu unayagusa yanabaki unga mkononi, mirija inatoboka, gesi inavuja, fundi anakuja kujaza, miezi kidogo imevuja tena. Na hizo za zamani zenye R22 ni gesi inayotoboa tabaka la ozoni, na hata hizi mpya zilizokuja baada yake nyingi zinaongeza joto la dunia zikivuja, ndo maana nchi zikakubaliana Kigali 2016 kuzipunguza. Sasa fikiria spliti 28 zinavuja kwa zamu. Hapa chila ni moja, imewekwa nyuma ya jengo upepo wa bahari usiipige moja kwa moja, na msimamizi anaiosha kwa maji ya bomba kila wiki bila kukosa, hilo nampa pongezi zake kwa dhati maana nimemuona hata Jumapili kashika mpira.

Ukimya pia. Usiku unasikia feni ya ndani tu na mawimbi. Wale wa jirani upande wa pili wa ukuta wana spliti zao na jenereta, kila umeme ukikatika ni muungurumo mpaka asubuhi. Sisi umeme ukikatika usiku sola wana betri ndogo ya pampu, feni za ndani zinaendelea, tunapata baridi mpaka tangi lichoke. Mwezi wa kwanza ule, hewa imesimama, jasho linatoka umekaa tu, giza mtaa mzima alafu wewe umejifunika shuka. Hapo kweli unasahau makosa yote ya mwenye nyumba.

Haya tuje kwenye makosa.

Bili ni ya mkupuo. Nyumba ya chumba kimoja na sebule unalipa 55,000 kwa mwezi juu ya kodi, ya vyumba viwili 85,000. Uwashe usiwashe. Uwepo usiwepo. Kwa LUKU ya T1, ile bei ya mtumiaji wa kawaida wa nyumbani, uniti ni karibu shilingi 356, spliti moja ya BTU 12,000, saizi ya chumba kimoja, ukilala nayo usiku inakula uniti 5 mpaka 8 kutegemea na joto na mashine yenyewe, kwa hiyo ni elfu 53 mpaka 85 kwa mwezi na hapo umepoza chumba kimoja tu. Mimi nina vyumba viwili na sebule, kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Machi hiyo 85,000 ni ya kupokea kwa mikono miwili. Ila Juni na Julai kusi inavuma, usiku unafungua dirisha unatafuta blanketi, na bado ile 85,000 inadaiwa. Nilimfuata msimamizi nikamwambia kaka mbona hata sijawasha, akaniambia "we bosi wangu, maji yanapita kwako, si yanapita?" Nikabaki namwangalia.

Sasa tatizo la mkupuo sio hela tu, ni tabia. Kama unalipa sawasawa na jirani unaanza kujiuliza kwanini yeye afaidi zaidi. Jirani yangu mmoja, mama mstaarabu kabisa, anawasha baridi mpaka digrii 18 alafu anafungua mlango wa baraza kwa sababu anasema ndani kunakuwa na baridi sana. Nilimshauri kwa heshima zote, nikamwambia mama si upandishe tu iwe 24, akanijibu mwanangu nimeshalipia. Na ana haki. Kijana wa nyumba ya pembeni anaanika nguo zilizolowa chini ya feni ili zikauke bila jua kuzifubaza, unyevu wote wa nguo unabebwa na maji yetu sote. Kwa mtindo huu saa tisa usiku tangi limeshapata joto na chila inabidi iwake kwa umeme wa TANESCO, bili ya mwenye nyumba inapanda, alafu anatuita kikao anatuambia gharama zimepanda mwaka ujao ataongeza. Kikao kile kilikuwa cha kelele.

Na hili wala sio la Mtwara peke yake. Huko kwenye nchi za baridi wanafanya kinyume chake, wanasambaza maji ya moto kwenye mabomba ya mji mzima, Copenhagen karibu nyumba zote zinapata joto hivyo, Iceland nyumba 9 kati ya 10 zinapashwa na joto la ardhini. Nchi za iliyokuwa Sovieti walikuwa na mifumo hiyo mikubwa ila bili ilikuwa ya mkupuo kwa ukubwa wa nyumba, hamna mita, hamna hata koki ya kupunguzia, matokeo yake watu wakisikia joto sana wanafungua madirisha kipupwe na theluji ipo nje. Ni yale yale ya mama yangu wa mlango wa baraza. Umoja wa Ulaya ukaja kuweka kwenye sheria yao ya 2012 kwamba mtu apimiwe alichotumia pale inapowezekana. Dubai nako baridi inasambazwa na makampuni, unalipa sehemu mbili, moja ya kuunganishwa iwe unatumia au hutumii, nyingine ya mita, na wapangaji wanailalamikia hiyo ya kwanza kila siku ila angalau ya pili inakufanya ufunge mlango.

Mita yenyewe sio kitu cha ajabu. Shemeji alinichorea kwenye kikaratasi: kifaa kimoja kinahesabu maji mangapi yamepita, vipimajoto viwili, kimoja kwenye bomba la kuingia na kingine la kutoka, kinakokotoa maji mara tofauti ya joto kinakupa uniti za baridi ulizochukua. Ukizima, maji hayapiti, haihesabu. Mwenye nyumba anasema mita 14 ni hela nyingi. Sawa, lakini hela anazochoma kupoza baraza la watu ni ngapi?

La pili ni nyumba za mwisho. Bomba kuu linatoka kwenye tangi linapita nyumba namba 1, 2, 3 mpaka 14. Maji ni mvivu, yanapita pale pepesi, kwa hiyo wa mwanzo wanashiba na wa mwisho wanapata makombo. Dawa yake ni valvu za kusawazisha kila nyumba, zinabanwa kidogo kwa wa mwanzo ili wa mwisho wapate, na zilikuwepo, zilishabanwa vizuri na fundi aliyejenga. Kilichotokea ni kwamba mzee wa namba 12 aliona kwake hakupoi akafungua valvu yake mpaka mwisho kwa spana. Wa 13 akajua, naye akafungua. Kufika mwezi unaisha kila mtu kafungua na tumerudi pale pale, namba 1 mpaka 4 wanalala na masweta, 13 na 14 wanalala na feni ya mezani. Msimamizi sasa kaweka kufuli kwenye viboksi vya valvu, tumeshaona kufuli mbili zimekatwa.

La tatu, jasho la mabomba. Hewa yetu ina unyevu mwingi, bomba lenye maji ya digrii 7 likikosa lile sponji jeusi hata sehemu ya kidole linaanza kutoa matone. Jikoni kwangu kuna kona bomba linaingia ukutani, sponji limepasuka kwenye maungio, tone linadondoka juu ya kabati la vyombo, rangi ya ukuta imefura kama andazi na chini yake kuna ukungu wa kijani. Nimeripoti, wakaja wakazungushia plasta ya nailoni ya mia tano. Plasta imebanduka ndani ya wiki maana haishiki kwenye kitu kilicholowa. Hiki ni kitu cha kubandua sponji lote la zamani, kukausha bomba, kuweka jipya na kuziba maungio kwa gundi yake, kazi ya nusu siku, lakini hapana.

Maji ya moto sasa. Kwenye tangazo walisema bafu lina maji ya moto bure na ni kweli, joto ambalo chila inalitoa nje badala ya kulitupa lote hewani linapitishwa kwanza kwenye tangi dogo la maji ya kuoga. Wazo zuri kabisa. Ila angalia linavofanya kazi: Januari chila inafanya kazi kutwa, maji ya kuoga yanatoka ya kuunguza na hakuna mtu hapa Mtwara anayeyataka mwezi huo. Julai asubuhi ndo unataka angalau vuguvugu, chila imelala kwa sababu hakuna anayepoza, unafungua koki inakuja baridi ile ile. Wangeweka hata sahani mbili za sola za kupashia maji za kusaidia miezi ya kusi ingekuwa imeisha hiyo.

Alafu kuna hatari ya kuwa wote kwenye kapu moja. Pampu ya kusambaza ni moja, haina mwenzake wa akiba. Beringi ilikufa ule msimu wa korosho unaanza, yaani joto ndio linapanda, nyumba zote 14 zikakosa baridi kwa mpigo, mtu mwenye spliti yake akiharibikiwa anateseka peke yake na anaweza kwenda kulala sebuleni kwa jirani, sisi hapakuwa na pa kwenda. Kifaa kikasubiriwa kutoka Dar. Tulibahatika njia ilikuwa nzuri, ingekuwa kama 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilivyokata barabara ya kusini huko Kilwa sijui ingekuwaje. Mfumo wa watu wengi ni lazima uwe na pampu mbili, moja inafanya kazi nyingine imesimama tayari. Hii sio anasa, hata fundi wa kwanza aliacha nafasi ya pampu ya pili kwenye msingi wa zege, boliti zipo zinaota kutu pale.

Kuna waliouliza kwanini wasitumie tu maji ya bahari si ipo hapo. Stockholm wanachukua baridi baharini tangu 1995, Toronto tangu 2004 wanavuta maji ya ziwa kutoka kina cha mita 83 yakiwa kama digrii 4, Paris nao wanatumia mto Seine kupunguza kazi ya mitambo. Lakini bahari yetu maji ya juu yana joto karibu kama la chumba, ukitaka ya digrii 5 au 6 itabidi ushuke mamia ya mita kwenda chini, hiyo bomba lake halijengwi na mwenye nyumba 14. Labda yatumike kuchukua joto la chila badala ya hewa, hapo yangesaidia, ila maji ya chumvi yanahitaji vyuma vya titaniamu visiliwe na bei yake ndo hiyo tena. Kwa hiyo hapa kwetu jua na tangi ndio mpango.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuhamia. Kama kazi yako ni ya kusafiri sana au unakaa mwenyewe, usichukue, hiyo mkupuo itakuuma kila mwezi. Kama una familia, watoto wadogo, au mgonjwa anayesumbuliwa na joto, chukua, kwa kipindi cha Novemba mpaka Machi hutapata baridi ya nyumba nzima kwa hela hiyo popote hapa mjini. Omba namba 3 mpaka 7, ziko karibu na tangi lakini sio karibu ya kusikia pampu. Ukienda kuangalia nenda saa kumi jioni, sio asubuhi, wakati huo ndo ukuta wa magharibi umeshapigwa jua, washa feni, subiri kama robo saa alafu shika mabomba mawili yanayoingia chini ya kile kiboksi. La kuingia liwe baridi kabisa, la kurudi liwe limepungua baridi kidogo. Yote mawili yakiwa sawasawa na ya uvuguvugu maji hayafiki hapo, mwambie msimamizi akuoneshe nyumba nyingine. Yakiwa sawasawa na ya barafu basi feni imejaa vumbi haivuti hewa, hiyo inasafishika, dai wasafishe kabla hujasaini. Na kwenye mkataba muandikishe kabisa kwamba wakifunga mita utalipa kwa mita kuanzia mwezi huo huo, maana mwenye nyumba ameshaanza kusema zitakuja na mimi kwenye mkataba wangu mpya hicho kifungu nimekilazimisha, alikuna kichwa ila akasaini.